Picha ya Nyamizi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua tangu alfajiri na zahanati imejaa. Miguu inaniuma. Nyamizi, mke wa Manyanda mfugaji, kaja na uvimbe kwenye titi — umepasuka, unatoa usaha. Muda wote huo kaficha! Patrick, tabibu wetu, akataka kumpiga picha amtumie daktari wa Mpanda. Nyamizi akasita. Nikamwambia usiogope mama, anaiona daktari peke yake. Ndipo akafungua kitenge.

Alhamisi, 6 Machi
Jibu limekuja: apelekwe Mpanda haraka, asicheleweshwe. Nampigia Nyamizi, hapatikani. Nimechoka, nalala.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Manyanda kaingia zahanati akitokea mnadani, matope hadi magotini. Kijana mmoja kamwonyesha kwenye simu titi la mkewe. Na uso. Watu wanacheka, ng'ombe wanauzwa.
Kumbe Jumatatu daktari hakupokea simu, Patrick akaitupia picha kwenye grupu la wahudumu wa wilaya, na jina la Nyamizi chini. Kuna aliyeisambaza — nani, hatujui. Patrick anasema alitaka jibu la haraka, mgonjwa ana hali mbaya. Kweli, jibu lilipatikana. Nimekosa hata nguvu ya kumgombeza. Anasema ameshaifuta. Ameifuta! Kwenye simu yake.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nimekwenda kwao kwa bodaboda. Njia tope tupu, tumeanguka mara mbili. Nyamizi anapepeta mchele, hanitazami. Harufu ya kidonda naisikia toka mlangoni. Nikamwambia nisamehe, mama. Akaendelea kupepeta. Halafu: "Nesi, ulisema mmoja."
Basi. Nikalia pale — mtu mzima na sare yangu ya kwaya.
Nikamwambia kidonda hakisubiri. Manyanda ndiye aliyesema: kama ni kwenda, nesi uende naye wewe, usituachie watu wa simu.

Jumanne, 11 Machi
Mpanda. Tumefika hoi, tumekaa foleni asubuhi nzima. Daktari ni kijana, mpole, kapima kwa adabu. Anasema hapa hawawezi, itabidi Mwanza. Lakini wataalamu wa kule wanataka kwanza waone picha. Akatoa simu mfukoni.
Nilitaka kusema kitu. Nyamizi akaniwahi.
"Nitajie majina ya watakaoiona. Wote."
Daktari akaanza: mimi, na bingwa wa Mwanza, na... Akanitazama mimi. Akatoka kwenda kupiga simu aulize.
Bado hajarudi. Naandika hapa kwenye kona ya kitanda cha wagonjwa. Nje wanaita jina la mwingine, sauti ya juu kabisa, na ugonjwa wake. Nyamizi kasikia. Kitenge kakishika kwa mikono miwili — hafungi, hafungui.