Koito ya Dada Yangu Ilipitia Ofisini

Shangazi Edinah, nisaidie kabla Jumanne haijafika.

Mimi ni karani wa ushirika wa maziwa hapa Olenguruone, na tangu nijifungue nafanyia kazi nyumbani, kwa sababu Makhanu, fundi wetu wa kompyuta kutoka Nakuru, aliniwekea VPN kwenye laptopu, yaani njia ya siri ndani ya mtandao inayonifikisha kwenye kompyuta za ofisi bila mtu wa nje kuchungulia, na nakwambia kweli Shangazi, siku ya kwanza nilishika mdomo, mtoto ananyonya, mvua inapiga mabati, na mimi naona hesabu za kilo za maziwa zikiingia ofisini kutoka kila kituo cha kukusanyia. Nilimwomba Makhanu anifundishe mipangilio yote, akanifundisha, hata pale pa kuchagua kama ni kazi za ofisi tu zipite njia hiyo au kila kitu, na hapo akanisihi nisiguse.

Sasa Jumamosi iliyopita ilikuwa koito ya dada yangu Emmy, wageni wamekuja kumposa, na kaka yetu mkubwa Kibii yuko Doha, na bila neno lake hakuna kinachoendelea, kwa hivyo ilibidi aketi nasi kwa video. Mjomba Hezekiah akakataa kabisa, akasema mazungumzo ya koito hayatoki nje ya nyumba. Nikamwambia, "Mjomba, niko na njia hakuna mtu anaweza kusikiza." Nikachagua kila kitu. Kibii akatokea, uso safi, akasalimia wazee mmoja mmoja, Mjomba akavua kofia, na kwa saa tatu nilijiona mtu mkubwa.

Kumbe saa hizo zote video ya Kibii ilikuwa inapitia laini nyembamba ya ofisi, hiyo hiyo ambayo vituo hutumia kutuma hesabu za kilo. Vituo vikakwama, lori likangoja hesabu, maziwa ya wakulima yakaharibika. Meneja amesema Makhanu aliweka mitambo mibovu, na Jumanne kamati inaketi kumwachisha kazi. Alinipigia akasema, "Madam, hiyo laini nimeicheck mara tatu, iko sawa. Lakini nani ataniamini?" Nikanyamaza. Nikisema nitafukuzwa, na mtoto ana miezi miwili. Nifanye nini?

Chepkirui, Olenguruone

Chepkirui, mficha uchi hazai, kwa hivyo umefanya vizuri kuandika. Miaka kumi na tisa nasoma barua za posa, na wewe ni wa kwanza kusimamisha maziwa ya wakulima kwa uso wa kaka yako. Nimeisoma mara mbili. Mtu yuko Doha, anapitia ofisi ya maziwa, anatokea sebuleni kwenu na mzee anamvulia kofia! Hata mimi nimestaajabu, mama, na sikulaumu kwa hilo.

Nakulaumu kwa kunyamaza. Huyo fundi alikufundisha kwa moyo mmoja, akakukataza jambo moja tu, ukalifanya, na sasa unamwacha abebe mzigo wako.

Mjomba Hezekiah apumzike, maneno ya koito hayasikiki huko ofisini. Lakini nimemuuliza mtu anayeijua kazi hii, akaniambia mitambo huandika nani aliingia, saa ngapi, na alitumia kiasi gani. Jina lako limo. Jumatatu asubuhi uwe mlangoni kwa meneja, useme yote mwenyewe, kisha uombe Makhanu arudishe mpangilio wa kazi za ofisi tu, na video za familia zipite laini yenu ya nyumbani. Huenda ukapewa barua ya onyo, huenda ukafukuzwa. Sikudanganyi.

Ila kabla ya meneja, mpigie Makhanu leo. Fundi anayekagua laini mara tatu hawezi kukosa kuangalia majina. Nafikiri alipokupigia simu alikuwa ameshaliona lako, na alikuwa anakungoja useme.