Uji kwa Wifi Ngoie

Jumapili, Kasungami, nje ya Élisabethville. Mvua imeacha, baridi imebaki. Tangu nitoke mjini leo mchana sijaongea na mtu.

Mume wangu Ilunga aligongwa na behewa kazini, masika yaliyopita. Kwenye matanga dada yake, Ngoie, alisimama mbele ya watu akasema mimi ndiye niliyemla kwa uchawi. Nyumba ya kambi ya reli ikapewa mfanyakazi mwingine, nami nikaja huku kulima mihogo. Hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kunisalimu. Kanisani kule mjini, benchi ninalokalia hubaki tupu pande zote mbili.

Nimeendelea kwenda.

Leo baada ya misa watu walikimbia mvua. Nilipotoka nikamkuta Ngoie amekaa chini barazani, homa imemshika, anatetemeka. Mume wake amesafiri na treni. Nilimtazama. Nilitaka kupita, sitadanganya. Kisha nikamwinua, nikamshika kiunoni hadi kwake kambini, nikamvua nguo zilizolowa, nikawasha makaa na kumpikia uji wa mahindi.

Alikunywa macho yakiwa ukutani. Halafu akauliza sababu, "Unanifanyia hivi juu ya nini?"

Nikamsogezea bakuli. Nikamwambia, "Juu uko mugonjwa. Kunywa."

Nilidhani atasema neno kuhusu Ilunga, kwamba sikumla. Nililingoja neno hilo, Mungu anajua nilivyolingoja. Lakini tuliposikia majirani wanaingia uani, alinishika mkono akanong'ona, "Wifi, pitia nyuma. Bantu batakuona."

Nikapitia nyuma, watu wasinione.

Njia nzima nilikanyaga matope peke yangu. Zamani ningelia, ningemuuliza Mungu ananiadhibu kwa kosa gani. Leo imeniuma vilevile, ila niliendelea kutembea. Labda huku ndiko kukomaa katika imani ambako masista walitufundisha tulipokuwa wasichana. Mimi nilifikiri kungekuwa na furaha zaidi.

Tangu mazishi nimekuwa nikiyaruka maneno ya kusamehe katika Baba Yetu. Jioni hii niliyasema yote, polepole. Hakuna aliyenisikia ila Yeye.

Asubuhi nitampelekea Ngoie uji tena. Nitabisha hodi mlango wa mbele, majirani wakitazama.

Afungue, asifungue.