Waya Mbili Ulizounga Bila Mimi

Baba,

Wajina wako, Njoro wangu, amenikalisha chini sasa hivi. Nilikuwa nimemmwagia vipande vya waya juu ya gunia, nikamwambia avipange kila rangi na mwenzake, ndiyo atulie nimalize kukusanya vyombo. Akapanga. Bluu peke yake, njano peke yake, nyeupe peke yake. Nyekundu na kijani akaziweka rundo moja, akazipapasa zikae vizuri, akaniangalia kama fundi anayengoja kulipwa. Nikachukua moja nyekundu na moja kijani nikamuuliza kama zinafanana. Akacheka, alidhani namtania. "Mami, si ni hiyo hiyo tu!"

Si ni hiyo hiyo tu. Hayo ni maneno yako, Baba. Nimekaa juu ya tairi lako.

Naandika nyuma ya kalenda kwa sababu mikono yangu haina kazi. Mutiso ametoka hapa gereji na ile gari kuijaribu, yeye na mwenye gari. Ndiyo, ile ile. Ile nyeusi ya milango miwili ya yule kijana wa benki wa Kileleshwa, uliyokuwa ukisema imezeeka lakini bado inajiona msichana. Tangu tukuzike haijarudi kwa mwenyewe. Imekuwa ikikaa kando ya ukuta na vumbi ya mtaa wote wa Satellite juu yake, na kila anayepita ana neno.

Wacha nikuambie vile mambo yalivyo huku, usidhani nimekuficha. Mama amerudi shambani, hajambo, ila haongei sana. Kibanda chako Mutiso amekijaza bampa mpaka mlango haufungi. Mimi naachwa niingie kwa sababu ya hii gari tu. Aliniambia waziwazi, si kwa ubaya, unajua vile yeye ni mtu wa giaboksi na mdomo wake ni nyundo: "Mama Njoro, wewe ulikuwa wa kumshikia mzee tochi. Hii gari ikitoka hapa, hiyo kona ni ya fundi wa waya. Kuna mmoja anakuja kutoka Westlands." Na akasema leo ikishindikana wanashusha giaboksi wanaifungua, kwa sababu mzee aliunguza komputa ya gari ya watu akaenda.

Hilo ndilo jina umebaki nalo, Baba. Mzee wa komputa. Na jina lako lenyewe, Njoroge, vijana wa hapa wamelifanya mchezo. Mtu akichoma fyuzi wanapiga kelele, "Ameinjoroge! Ameinjoroge hiyo!" Na wajina wako akisikia jina lake anacheka pamoja nao, anakimbia kuona ni nini. Siku ya kwanza nilienda nyuma ya choo nikalia. Siku zingine sikulia, nilishika tu testa yako ya kupimia waya.

Hakuna aliyejua. Hata Mama hakujua. Alifikiri wewe ni mtu wa kutojali, unatumwa nyanya unaleta mbichi. Mimi nilijua nikiwa darasa la nne, siku ile ulinunua sweta ya shule. Shule yetu ilikuwa kijani, ukaja na nyekundu kama damu, umefurahi, unaniambia nivae uone kama inanitosha. Nilivaa. Mwalimu akanirudisha nyumbani. Jioni ukanipeleka nje ukaniambia kwa sauti ya chini, "Hizo rangi mbili kwangu ni dada wa baba mmoja. Usimwambie mtu. Fundi wa waya hawezi kuwa hivyo." Na nilipotoka shule nikaja hapa kukaa karibu na miguu yako, watu wakasema unanifundisha kazi. Kumbe mimi ndiye nilikuwa nakusomea rangi. Uko chini ya gari, mkono unatoka umeshika waya, unauliza neno moja tu.

"Rangi?"

"Nyekundu, Baba."

"Usiniambie unavyofikiri. Niambie unavyoona."

"Naona nyekundu."

Miaka hiyo yote, gari baada ya gari, na hatukukosea hata moja.

Halafu Njoro akatokwa na tetekuwanga, na hii gari ikaletwa siku hizo hizo. Taa ya dashibodi inawaka na kuzima, gia ya nne haiingii. Ulinipigia simu ukaniambia ni waya mbili tu zimeungua karibu na bomba la ekzosi, ni kazi ya dakika, kaa na mtoto, nitamalizia mwenyewe. Ulimaliza. Ile taa ilizima kabisa. Lakini gari ikaanza vituko vingine vibaya zaidi. Ukaihangaikia wiki hiyo yote, umelala kwenye simenti baridi na kile kikohozi. Testa inasema waya hii nzima, na hii nayo nzima. Taa haiwaki. Mutiso anakuimbia giaboksi, giaboksi. Mwishowe ukakubali kwamba labda ni komputa. Ukamwambia mwenye gari hivyo, na kesho yake tukakupeleka hospitali na kifua.

Kule wodini ulisema, "Ile gari imenishinda, Wanjiku." Nikakuambia uwache habari ya magari. Ukapapasa blanketi ukaniuliza rangi. Nikakuambia nyekundu. Ukasema haya. Basi.

Baba, haikuwa imekushinda.

Mimi sijui mambo ya komputa. Najua ulichonifundisha kwa vidole. Ndani ya giaboksi kuna valvu mbili za umeme, uliziita mapacha. Komputa ikimwamsha wa kwanza peke yake, hiyo ni gia ya kwanza. Ikiwaamsha wote wawili, ni ya pili. Ikimlaza wa kwanza abaki wa pili, ni ya tatu. Ikiwalaza wote, ni ya nne. Juzi nilimwomba Mutiso aizungushe tu hapa kwenye barabara ya nyuma, mimi nikakaa kando yake na vidole vyangu juu ya magoti. Ikaanza nzito, kama ng'ombe anayevutwa kamba. Ikapata pumzi. Halafu pale ilipofaa kutulia ikapiga mayowe ikatutupa mbele, kama imerudishwa ya kwanza tukiwa kwa mwendo. Mutiso akatukana. Mimi nikahesabu vidole. Nikawabadilisha mapacha nafasi kwenye vidole, huyu akae kwa yule. Ya kwanza ikawa ya tatu. Ya pili ikabaki ya pili. Ya tatu ikawa ya kwanza. Na taa haiwezi kulalamika, kwa sababu mapacha wote ni wazima, ila kila mmoja anaitikia jina la mwenzake.

Nilijua hapo hapo. Nilijua kabla sijaingia chini, na nikaingia nikiomba nisikute.

Leo asubuhi nimeivua tepu yako kwenye zile waya mbili. Umeifunga vile unafunga, bila kona hata moja iliyoinuka. Lehemu inang'aa, laini kama tone la maji. Nyekundu imeungwa na kijani. Kijani imeungwa na nyekundu. Satellite yote hakuna mtu mwingine anayeunga waya vizuri hivyo, Baba, na nililala pale chini nikaziangalia mpaka macho yakaingia mchanga. Wiki yako ya mwisho kabla ya hospitali ulikuwa ukilala chini ya hizi waya mbili, zilikuwa mbele ya uso wako, na ulikuwa unahitaji mtu wa kusema neno moja.

Nimezikata. Nimeziunga upya, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Lehemu yangu si kama yako, ina vidonda. Mutiso akauliza, "Umefanya nini huko chini?" Nikamwambia tuijaribu kwanza.

Sasa kitu ninachotaka kukuambia ni hiki. Nilikuwa nimeamua nidanganye. Ningesema ilikuwa waya imelegea, nikaikaza, imeisha. Komputa haikuungua, jina lako linasafishwa, na siri yako inabaki na mimi kama vile uliniomba nikiwa na sweta ile. Nilikuwa nimeyapanga maneno kabisa. Tena nikawaza, nikisema ukweli, hawa vijana si ndio watapata mchezo mpya? Fundi wa waya asiyeona rangi. Watacheka mpaka Kawangware.

Ndiyo wajina wako akapanga zile waya.

Hiyo kitu imepita kwangu bila kunigusa ikaenda ikakaa kwake. Ana jina lako na amechukua na macho yako. Na nikajiona mimi, nikimpeleka nje jioni, nikimwambia kwa sauti ya chini asimwambie mtu. Halafu siku moja aliyezoea kumsomea rangi hayupo, na yeye anaona aibu kumwuliza aliye karibu, analala kwenye simenti wiki nzima. Mutiso alikuwa hatua mbili kutoka kwako, Baba. Angekutukana kidogo, lakini angekuambia rangi.

Sitaki hivyo kwa huyu. Nitasema. Nitawaambia hukuona nyekundu na kijani, na kwamba mimi ndiye nilikuwa naona, kila gari iliyotoka hapa ikiwa nzima nilikuwa karibu na miguu yako. Sikuwa wa tochi. Kama wataninyima kona baada ya hapo, wataninyima wakijua. Lakini moyo wangu unaniambia Mutiso atanipa. Moyo wangu ni mjinga hivyo, uliuzoea.

Ngoja. Nasikia gari pale kwenye matuta, kwenye bampsi.

Ni yenyewe, naijua sauti. Imepunguza, imepita bampsi, inaondoka tena. Hiyo ni ya kwanza, nyepesi. Ya pili. Njoro amesimama anaangalia barabara. Ya tatu.

Ya tatu, Baba. Haijapiga mayowe. Imetulia tu, inakuja kama mtu anayerudi kwake.

Wameingia. Mutiso hata hajazima, ananiita kupitia dirisha: "Mama Njoro! Wacha kuandika, kuja hapa! Huyu mtu anauliza ilikuwa nini, umwambie wewe uliyeingia chini!" Vijana wote wanakuja kusikia.

Lala sasa, Baba. Kazi uliyoiacha imeisha. Nakuahidi wajina wako hatajificha na macho yake, na siku atakayouliza rangi, atauliza kwa sauti na nitamjibu mbele ya watu. Ananiita tena. Kalenda naiweka ndani ya ovaroli yako, mfuko wa juu. Naenda kuwaambia kwamba baba yangu—