Shina Ulilolifungia Kitambaa

Mama Chelangat, mke wangu,

Hapa nyumbani tuko. Ng'ombe wanakamuliwa, majani chai yanafika kituoni. Watu wakinipa pole ninasema asante, kama mtu aliyerudishiwa mwavuli aliousahau dukani. Sijalia bado. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa dada yako.

Leo nimekata bogenvilia yako ya langoni. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ulivyoileta kutoka Litein, mche mdogo ndani ya karatasi nyeusi ya plastiki. Ulitaka iwe mti: shina moja tupu, halafu kichwa cha maua juu, watu wakipita barabarani waone. Mimi nimepogoa chai ya karibu kila boma kwenye mlima huu. Kwa hiyo kila nilipotoka shambani na mkasi, nilipita langoni nikapunguza ncha zilizozidi. Siku nyingine niliilazia fito juu nione kama iko sawa kama meza, tunavyopima chai. Kwetu sisi wa chai ua ni aibu. Chai yako ikitoa maua, jirani anajua umelala.

Miaka mitatu haikutoa ua hata moja. Uliiwekea mbolea ya ng'ombe, ukamwaga maji uliyooshea vyombo, ukasema labda udongo wetu hauipendi. Mwishowe ukamuuliza yule mama aliyekuuzia mche. Ulirudi ukanikuta nakunywa chai, na kikapu bado kiko mkononi mwako.

"Kumbe mchawi ni wewe!"

"Nimefanya nini tena?"

"Baba Chelangat, hii si majani chai. Maua inatoka hapo kwa ncha, na wewe unachuma kila wiki mbili. Unapelekea nani?"

"Nilikuwa naweka meza sawa."

"Meza! Tutakulia hapo?"

Ulicheka mpaka ukakaa kwenye nyasi. Mimi sikucheka siku hiyo. Nilikuwa nimeona aibu, na nikakwambia una kelele. Hilo nalo nilitaka ulijue.

Nilipoacha kuigusa ikatoa maua mekundu kila mahali, lakini ilikuwa kichaka tu, mashina matano yamekumbatiana. Ukaanza tena habari ya mti. Nichague shina moja, nikate mengine chini kabisa, nilifunge kwenye nguzo, niondoe matawi mpaka usawa wa kifua, kisha nikate ncha ya juu ili lipanuke. Kazi ya asubuhi moja. Nilisema mvua ipungue kwanza. Ilipopungua nikasema chai imezidi.

Ile Jumatatu ya kwenda hospitali ulichana leso yako ya zamani, ukafunga kipande kwenye shina moja.

"Nimekuwekea alama usiseme hukujua. Kata hiyo ingine yote."

"Jumamosi," nikasema.

Sikuangalia ni lipi. Nilikuwa natafuta kadi yako ya hospitali. Jumamosi nilikuwa kwa seremala, ananiuliza kama nataka mbao za msaiprasi au za mti mwingine, na mimi namwangalia mdomo.

Vijana waliosimamisha hema la mazishi walifunga kamba hapo langoni. Watu walipoondoka, kitambaa hakikuwepo. Nilikitafuta kwenye nyasi mpaka barabarani. Nikamuuliza Rael, dada yako.

"Shemeji, aliniambia ni ile imesimama vizuri."

"Yote imepinda."

"Basi ni ile imepinda kidogo."

Halafu akageuka, akalia. Mimi nikamshikia kikombe.

Chelangat amekuja kutoka Kabianga kukaa nami wiki hii. Anasema, "Baba, si uiache tu? Kichaka pia ni kizuri." Ni kweli, ni kizuri. Lakini hukuniomba kichaka.

Basi asubuhi nimechukua panga la kupogolea. Shina la kwanza lilikuwa jembamba, halingeweza kubeba kichwa. La pili lilikuwa limelalia barabara. La tatu lilichunwa na kamba ya hema, nikaona hata kama ndilo lako, halitapona. Mwiba umenichoma kidole, na nimeona damu kabla ya kusikia uchungu. Siku hizi niko hivyo.

Yakabaki mawili. Najua kazi yangu. La kushoto ni bora, mtu yeyote wa kupogoa angekata la kulia bila kufikiri. Nimeliwekea panga chini kabisa, nikakaa hivyo mpaka Chelangat akaita chai. Nikiliacha lisilo lako, nimekosea kidogo tu. Nikikata lako, hakuna mahali pa kwenda kulirudisha.

Nimeyaacha yote mawili. Nimeondoa matawi mpaka kifuani, nikayawekea nguzo mbili yasisuguane wakati wa upepo. Si mti na si kichaka. Nimefundisha wengi kushika panga kwenye mlima huu, na kazi kama hii ningemrudisha mtu airudie.

Jioni jirani yetu wa chini amepita na ng'ombe wake. Akasimama, akaiangalia sana.

"Mzee, nani amekukatia hii?"

"Ni mimi."

"Lakini imebaki moja ya kukata."

"Najua," nikasema.

Akaondoa kofia, akapeleka ng'ombe nyumbani.

Pumzika, mama. Huku nitaangalia.

Mume wako,
Baba Chelangat