Pete ya Zelik

Warszawa, 3 Juni 1937

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Jana tumepiga picha ya harusi ya ile sinema yetu, kabla pepo wa mchumba wangu wa hadithi, aliyezama, hajanipanda. Zelik, bwana harusi wangu wa sinema, alinivisha pete akatamka maneno yote, mpaka wale wazee wa ndevu waliokodiwa wakatupongeza "Mazel tov!" huku wanalia. Mwambie Pinye, mchumba wangu wa kweli, asione wivu. Wiki tatu tu, nami ni wake.

Mwanao, Frumet

Izbica, 6 Juni

Frumet mwanangu,

Kifua kitapona. Nijibu upesi: pete ilikuwa ya kampuni au ya Zelik? Ikiwa yake, na wacha Mungu wawili walishuhudia, Sheria ya Musa haijui sinema. Wewe ni mke wa mtu.

Baba yako

Warszawa, 8 Juni

Baba,

Nisamehe, hata hali sikujulii. Pete ya kampuni ilipotea asubuhi ile, Zelik akatoa ya marehemu mama yake. Leo nimemwendea. Alicheka, kisha akaacha. "Haikupotea, Frumet. Niliificha mimi." Tarehe kumi na tano anapanda meli kwenda Buenos Aires, na anataka twende wote. Pepo wa sinema tunamfukuza kwa baragumu. Huyu nimfukuze kwa kitu gani?

Mwanao

Izbica, 10 Juni

Mwanangu,

Naandika nimesimama, hata kwa rabi sijafika. Msihi, mlilie, mpeleke kwa rabi wa huko akuandikie talaka, uipokee kwa mikono yako. Akiondoka bila kukupa umefungwa maisha, na Pinye humpati. Kimbia!

Baba yako

Simu ya maandishi, Izbica, 13 Juni, asubuhi

USIPOKEE TALAKA. RABI AMECHUNGUZA. SHAHIDI MMOJA NI MJOMBA WA ZELIK, NA JAMAA HARUHUSIWI KUSHUHUDIA. HAIKUWA NDOA. PINYE NI WA UKOO WA MAKUHANI, HARUHUSIWI KUOA MTALAKA, HATA WA TALAKA ISIYO NA NDOA. HOFU ILINISAHAULISHA. BABA

Warszawa, 13 Juni, mchana

Baba mpendwa,

Kifua je? Mimi mzima, mzima kabisa! Zelik aligoma siku mbili, leo asubuhi akakubali. Rabi wa huku aliniambia nikinge viganja, karatasi ya talaka ikadondoka humo, nikaikumbatia mbele ya watu bila haya. Mwenye nyumba ananiambia kuna simu yako mezani. Nitaisoma nikitoka posta, maana barua hii nataka iwahi gari moshi. Mwambie Pinye aanze kualika watu.

Mwanao mwenye furaha, Frumet