Baba Kasema Asante

Dada mpendwa,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na watoto wanaendelea vizuri. Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha ngazi yetu ya mbao, kilichotokea Jumatatu saa nne asubuhi. Marehemu alikatika kipago cha tano, baba akiwa amekikanyaga akibadilisha balbu ya sebuleni.

Baba alianguka, akapiga kisogo sakafuni. Alipozinduka alimtukana fundi aliyeiunda ngazi ile, ambaye ni yeye mwenyewe, tukajua akili zipo. Hospitali walimshona nyuzi sita, wakaturuhusu na karatasi ya dalili za kuangalia: kutapika, usingizi mzito, mboni moja kuwa kubwa kuliko mwenzake, na kubadilika tabia. Tukiona mojawapo tumrudishe saa hiyo hiyo. Tangu hapo mimi na mama tunamlinda kwa zamu kama maziwa yaliyo motoni.

Kutapika hakuna. Mboni nazimulika kwa tochi mpaka ameniuliza kama kuna kitu nimepoteza humo ndani. Balaa ni tabia. Jumanne mama alimpa uji, akasema asante. Mama aliweka kijiko chini, akaniita pembeni kuniuliza kama na mimi nimesikia. Jumatano baba akaomba aone kiatu nilichokuwa nakishona. Wewe unajua anavyouita ufundi wangu: kukwaruza soli za watu. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema mkono wangu umetulia.

Mama akasema basi, huyu anatuaga, tumpeleke. Nami, dada, naungama kwako peke yako: nilimdanganya kwamba nimempigia nesi, kasema hakuna neno. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilitaka kumsikia baba tena, siku moja tu. Nilishinda naye mchana kutwa, nahesabu pumzi zake huku namletea viatu kimoja kimoja.

Jana hofu ilinishinda, tukampeleka. Daktari alimpima, akasema kichwa ni kizima, akamuuliza upole huu umeanza lini. Baba akajibu bila haya kwamba Jumatatu, mama alipokwenda kuchukua dawa, nesi alimwonya yeye baba kwamba akikasirika kabla siku tano hazijaisha mshipa unaweza kupasuka. Ndiyo maana anasifia kila anacholetewa. Mama alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi nilijifanya natafuta kadi ya hospitali.

Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, na kasema anakukumbuka. Siku tano zinaisha kesho.

Mdogo wako,
Fundi Viatu