Mbuzi Wetu Walioko kwa Nthiga

Baba,

Nimetumia jina lako kusema uongo, na wewe uko kaburini huwezi kukanusha. Ndiyo maana nimekaa hapa mlangoni na daftari la Igoki, nikuandikie kabla mwanga haujaisha.

Tangu ututoke, kijiji ni kilekile. Vibanda vimebanana, handaki limetuzunguka, na homugadi, wale askari wa chifu, wanakaa getini na bunduki wakichungulia kila kapu. Kikohozi chako tu ndicho kimeondoka. Siku za kwanza nilikuwa naamka nikuchemshie maji, halafu nakumbuka.

Unanijua mimi. Ulizoea kusema naweza kumshuku hata kuku kwamba yai si lake. Basi huyo rafiki yako Nthiga wa Siakago nilianza kumshuku zamani. Ulimpelekea mbuzi jike wawili kabla mdogo wangu Igoki hajaota meno, wakazaane kule kwenye joto, naye anywe maziwa na apewe mtoto mmoja mmoja kwa jasho lake. "Hao ni shule ya Igoki," ulisema. Nikauliza kwa nini mali yetu ilelewe na mtu asiye hata wa ukoo wetu. Ukacheka. "Ngoja kwanza, Wanja." Loo, maneno hayo yalivyonikera!

Kila mbuzi alipokufa, Nthiga alipanda huku na ngozi begani. Ulishika sikio la kushoto, ukaona mapengo mawili, alama yetu, ukaridhika, mkanywa uji. Mimi jikoni nikawa nanong'ona: ngozi inaonyesha mbuzi amekufa, haisemi nani amemla.

Kisha serikali ya Mzungu ikatangaza Hali ya Hatari, tukahamishiwa hapa, Nthiga akanyamaza. Misimu minne ya mvua, hakuna ngozi, hakuna salamu. Nikasema huyo ameona tumefungiwa, amejipakulia. Ulikuwa umelala kwenye kitanda cha fito, ukanishika mkono, ukaniambia niwaache kulekule mpaka barua ya shule itoke. Nikaitikia ndiyo. Nisamehe, Baba, sikuwa na nia ya kutii.

Hata majani hayajaota juu yako, nikaenda kwa chifu kuomba pasi ya kutoka kijijini. Karani aliniuliza Siakago nina nani, nikasema nampelekea rafiki ya marehemu habari ya msiba. Huo haukuwa uongo. Uongo ulikuja baadaye.

Nthiga amezeeka. Aliposikia umekufa alikaa chini, palepale mavumbini, akajifunika uso na shuka. Nikasimama nikimsubiri amalize, nikidhani anatafuta la kusema. Ndiyo, mtu anakulilia wewe, na mimi nawaza hivyo.

Akanipeleka zizini. Mbuzi tisa, kila mmoja na alama. Akapanda darini akashusha ngozi tano zilizokaushwa kwa moshi. Kila alipojaribu kuzileta alirudishwa kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo akaziweka. Nilizipekua masikio, moja baada ya nyingine. Sikupata kosa, na hilo likaniudhi zaidi.

Aliuliza jambo moja tu: "Baba yako alisema uwachukue?"

Nikajibu, "Ndiyo. Ndiyo maneno yake ya mwisho."

Akawafungua. Mmoja alikuwa na mimba na alichechemea, nikadhani mzee ananibambikia kilema, nikamwambia abaki naye. Nikaondoka na wanane, nikijiona mjanja kuliko wewe.

Homugadi wakasoma pasi yangu. Mtu mmoja, wakasema, hapa hapajaandikwa mbuzi. Bila shaka hawa ni chakula cha wapiganaji wa msituni. Wakawazuia wote, eti kwa uchunguzi. Kabla jua halijazama, harufu ya nyama choma ilikuwa inapita juu ya vibanda vyetu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uliwaweka mbali. Nilikuona mjinga kumwamini Nthiga, kumbe ulikuwa na shuku kuliko mimi, ila wewe ulijua wa kumshuku.

Wiki mbili baadaye barua ikatoka. Igoki amepata nafasi katika shule ya bweni ya misheni, na mbuzi wa kuuza tulipe karo wameshaliwa. Hakulia mbele yangu. Alibeba mtungi akaenda mtoni, akakawia sana. Mwalimu wake anasema anaweza kurudia darasa na kujaribu tena mwakani. Tangu siku hiyo ananijibu neno moja moja, na ana haki.

Sasa sikiliza. Jana alipita mama mmoja muuza vibuyu kutoka Siakago, akanitilia mkononi kifundo cha kitambaa. Ndani, vipande vinne vya ngozi, kila kimoja hakizidi ukucha. Nthiga alimtuma hivi: "Mwambie binti ya rafiki yangu, yule aliyemwacha amezaa mapacha, wote majike. Nimewatia alama yao sikioni, mapengo mawili kila mmoja. Ngozi haipiti vizuizini, lakini hivi vitapita."

Unajua nilifanya nini? Nilivigeuza mwangani nione kama havitoki kwa mbuzi mmoja! Halafu nikajiona. Nikakaa chini nikalia, Baba, kilio ambacho sikukilia siku ya kukuzika.

Nitaomba pasi tena. Nitaenda mikono mitupu, nimwambie Nthiga kwamba hukusema vile, na nimpe maneno yako yenyewe. Mbuzi wakae kulekule mpaka barua nyingine itoke, hata ikichukua miaka. Hawa wa getini nitawashuku kwa niaba ya ukoo mzima, hilo usiwe na wasiwasi.

Pumzika sasa. Igoki amechukua vile vipande vinne akavishonea ndani ya upindo wa gauni lake. Hakuniambia kwa nini. Lakini leo asubuhi alinisalimia.

Ni mimi binti yako, ninayengoja,
Wanja